Kuongeza Nafasi ya Mizigo Kwenye Pikapu Yenye Kempa: Mwongozo Kamili

Tulifika Dunga, pale Kisumu, giza likianza kuingia na watoto wakilia njaa. Ili nilifikie jiko la gesi ilibidi kwanza nitoe godoro, mifuko mitatu ya nguo, mtungi wa maji, koleo, kamba na gunia la viazi tulilonunua njiani. Nikavitandaza vyote kwenye nyasi. Kabla sijawasha jiko, mvua ya ziwani ikatukuta, na usiku ule tukalala juu ya godoro lililolowa upande mmoja.

Tangu siku hiyo nimejenga makabati na masanduku ya pikapu yangu mara mbili. Ya kwanza niliyabomoa mwenyewe. Ya pili ndiyo ninayoyaeleza hapa, pamoja na makosa yaliyonilazimu kubomoa yale ya kwanza, ili mwingine asilipie somo ambalo mimi nimeshalilipia. Ninaposema kempa, nazungumzia chumba cha kulala kinachokaa kwenye bodi ya nyuma ya pikapu, ambacho unaweza kukiteremsha ukakiacha uani siku unayotaka kubeba mbolea au mahindi.

Jambo moja ulishike tangu mwanzo: pikapu inayobeba kempa huishiwa na kilo kabla haijaishiwa na nafasi. Ukianza kwa kuuliza "nitaweka wapi sanduku lingine?" utafika pabaya. Anza kwa kuuliza "nimebakiwa na kilo ngapi, na zikae wapi?"

Hatua ya 1: Toa kila kitu

Chagua siku kavu. Tandika turubai uani, kisha toa kila kilichomo ndani ya kempa, ndani ya kebini na chini ya viti, hata ile spana iliyosahaulika chini ya mkeka. Gawa mafungu manne. La kwanza ni vitu vya kila siku: jiko, sufuria, maji, majani ya chai. La pili ni vile vinavyotoka mkishafika: viti, meza, turubai la kivuli. La tatu ni vya dharura: jeki, koleo, kamba ya kuvutia gari, kisanduku cha huduma ya kwanza. La nne ni vile ambavyo hamkuvigusa safari mbili zilizopita.

Fungu la nne libaki nyumbani. Sisi tulikuta sufuria tano, na mama watoto akasema wazi kwamba yeye hupikia mbili tu. Tulikuta pia seti mbili za spana na makoti ya baridi ya watu sita, ilhali sisi ni wanne. Nafasi ya kwanza uliyoongeza ni hiyo, na haijakugharimu hata bolti moja.

Vilivyosalia vipime kimoja kimoja. Mizani ya kuning'iniza, kama ile ya wanunuzi wa chuma chakavu, inatosha. Andika kilo kwenye kipande cha utepe na ukibandike kwenye chombo chenyewe. Kazi hii inachosha, lakini usiiruke, kwa sababu hatua zote zinazofuata zinaegemea namba hizo.

Hatua ya 2: Ujue uzito ulio nao na uzito uliobakiwa nao

Fungua mlango wa dereva uangalie kibao kilichobandikwa kwenye nguzo yake, au usome kitabu cha gari. Tafuta uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa, yaani gari, watu, mafuta na mizigo vyote pamoja. Pikapu nyingi za milango minne tunazoziona hapa kwetu, za aina ya Hilux au D-Max, hubeba takriban tani moja, na watu wenyewe wamo ndani ya tani hiyo. Wengi hudhani tani hiyo ni ya bodi peke yake.

Halafu nenda kwenye mizani ya malori. Vinu vya unga na maghala ya nafaka ya Nakuru, Eldoret na Kitale yana mizani hizi, na ukiomba kwa adabu wakati hakuna foleni, mara nyingi utapimiwa kwa ada ndogo. Pima mara tatu: gari zima, kisha magurudumu ya mbele peke yake, kisha ya nyuma peke yake. Nenda ukiwa na kempa mgongoni, tangi la mafuta limejaa, maji yamejaa na familia imo garini.

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme kibao kinaruhusu kilo 3,000. Pikapu tupu yenye mafuta ina kilo 2,000. Kempa ni 450. Wazazi wawili na watoto wawili ni 210. Maji lita 80 ni kilo 80 kamili. Hapo umefika 2,740 na umebakiwa na 260. Sasa toa kwenye hizo 260 uzito wa betri ya ziada, mtungi wa gesi, jiko, vyombo, chakula, matandiko, nguo na vifaa vya dharura. Ukipima kwa uaminifu hutakosa kilo 180. Umebaki na 80 kwa ajili ya masanduku mapya na kila kitakachowekwa ndani yake.

Sasa tazama fundi atakachokutengenezea usipomwambia kitu. Sanduku la urefu wa sentimita 120, upana 45 na kina 45, la pleti ya chuma ya milimita 2, lina eneo la mita mraba 2.6 hivi. Chuma cha unene huo kina kilo 15.7 kwa kila mita mraba. Sanduku moja tupu ni kilo 40. Masanduku mawili, moja kila upande, yanamaliza zile 80 zako kabla hujatia hata kijiko. Hili ndilo kosa langu la kwanza. Nilijisifia masanduku imara, nikaendesha pikapu iliyozidiwa uzito kwa miezi kadhaa bila kujua.

Sanduku hilohilo ukilitengeneza kwa alumini ya milimita 2 halifiki kilo 14. Kwa plaiwudi ya milimita 12 ni kilo 18 hivi. Chuma kiache kwa ajili ya fremu na vishikio tu.

Angalia pia matairi. Ubavuni baada ya saizi kuna namba ya uwezo wa kubeba. Tairi la 265/65R17 lenye namba 112, kwa mfano, hubeba kilo 1,120 likiwa na upepo wake kamili, kwa hiyo mawili ya nyuma ni 2,240. Ekseli ya nyuma, yaani mhimili unaounganisha magurudumu mawili ya nyuma, ndiyo huumia kwanza kwenye pikapu yenye kempa, kwa hiyo linganisha namba hiyo na ile ya mizani, na ulinganishe pia na kiwango cha ekseli kilichoandikwa na mtengenezaji, kwa kuwa kile kidogo kati ya hivyo viwili ndicho kinachotawala.

Kuna mafundi watakaokwambia uongeze majani ya springi na mambo yataisha. Springi nzito zitainua mkia wa gari, na hilo lina faida yake, lakini breki, beringi na chesisi (fremu ya chini ya gari) ni zilezile. Mtu anayeteremka kutoka Sachangwan kuelekea Salgaa, mteremko ambao sote tunajua umemeza watu wangapi, anazitegemea breki, na breki hazijui kama umeongeza springi.

Hatua ya 3: Pa kuweka na pa kuacha

Kitu kizito kikae chini, na kikae kati ya ekseli mbili, karibu na ukuta wa kebini kadiri iwezekanavyo. Kitu chepesi kinaweza kwenda juu au nyuma.

Sababu ni rahisi ukiufikiria mzani. Chukua pikapu ambayo umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni mita 3.085, kama ilivyo Hilux ya milango minne. Ning'iniza sanduku la kilo 60 nyuma ya bampa, katikati yake ikiwa mita 1.3 nyuma ya ekseli. Ekseli ya nyuma haitaongezewa kilo 60. Itaongezewa 85, na zile 25 za ziada zimetolewa mbele, kwenye magurudumu ya usukani. Kilo 60 hizohizo ukizilaza chini nyuma ya kebini, ekseli zote mbili zitagawana.

Nilipokuwa na sanduku zito nyuma, usukani ulikuwa mwepesi kwa namna ya kutisha. Barabara ya Kericho ikiwa na mvua, gari lilikuwa linakawia kuitikia kona. Sikuelewa sababu hadi nilipopima magurudumu ya mbele peke yake.

Hatua ya 4: Tafuta mapengo yaliyolala bure

Hapa ndipo penye utajiri, na wengi hawapaoni. Kempa ya kuteleza kwenye bodi hukatwa chini ili ipite kati ya matuta ya magurudumu, yaani bati lililoinuka ndani ya bodi juu ya kila gurudumu. Kwa hiyo kati ya ukuta wa kempa na ukuta wa bodi hubaki shimo refu kila upande, mbele ya tuta na nyuma yake. Kwangu lina upana wa sentimita 20. Miaka yote lilikuwa linakusanya vumbi na majani makavu, nami nikihangaika kuweka sanduku juu ya paa.

Teremsha kempa, au mulika tochi kupitia mlango wa nyuma wa bodi. Chukua katoni za dukani, kata umbo la pengo lile, liingize, punguza, liingize tena, hadi katoni iingie na kutoka bila kugusa. Acha sentimita 2 kila upande kwa sababu kempa hucheza kidogo safarini. Usipime kwa futi peke yake. Kuta za bodi zina mikunjo ambayo futi haikuonyeshi. Katoni hiyo ndiyo utakayompa fundi.

Hakikisha kwanza mambo matatu: sanduku lako halizuii minyororo au mikanda inayoishikilia kempa kwenye gari, halibani waya wa umeme unaoingia kempa, na halizibi matundu ya kutolea maji ya bodi.

Kwa vitu virefu na vyembamba hakuna haja hata ya sanduku. Nunua paipu ya PVC ya maji taka ya inchi 4 kwenye duka la vifaa vya ujenzi, ikate kwa urefu wa pengo, gundisha kizibo upande mmoja na kizibo cha kufungua kwa kuzungusha upande wa pili. Toboa matundu madogo chini ili maji yasituame. Ndani ya paipu yangu kuna nguzo za turubai, fimbo mbili za kuvulia samaki, vigingi na mpini wa jeki. Paipu nyingine imebeba mpira wa maji. Zimefungwa kwa vibano vya bati vyenye mpira ndani, nazo zinafikiwa kwa kufungua mlango wa nyuma wa bodi tu.

Mbele ya matuta, karibu na kebini, weka vilivyo vizito na usivyovihitaji kila siku: jeki, mnyororo, kisanduku cha spana, kamba ya kuvutia. Ndiyo sehemu ya chini kabisa na iliyo mbele ya ekseli ya nyuma, yaani pazuri kuliko pote. Ubaya wake ni kwamba haifikiki kutoka nyuma. Kwangu tulitatua kwa kutengeneza trei ndefu yenye mkono wa kuvutia, inayoteleza ikipita juu ya tuta la gurudumu hadi mlangoni.

Hatua ya 5: Droo chini ya kitanda au chini ya sakafu

Kama kempa yako ni ya kujitengenezea, au ni kibanda tu juu ya bodi na mnalala ndani ya bodi yenyewe, droo moja ndefu itakupa nafasi kuliko masanduku matatu. Nazungumzia sakafu ya pili iliyoinuliwa sentimita 25 hadi 30, droo ikiteleza chini yake na godoro likikaa juu.

Fremu itengenezwe kwa bomba la mraba la milimita 25 lenye unene wa 1.5. Bomba hilo lina kilo 1.1 kwa mita, na huuzwa kwa urefu wa mita 6, kwa hiyo chora kwanza ili usilipe vipande vya kutupa. Sakafu na droo ziwe plaiwudi ya marini ya milimita 12. Plaiwudi ya kawaida ni ya bei nafuu, lakini unyevu wa Kisumu na Kakamega utaifumua tabaka. Kingo zote, hasa zile zilizokatwa, zipake vanishi mara tatu kabla ya kuunganisha. Ukizipaka baada ya kuunganisha, brashi haifiki ndani ya viungo, na maji huanzia hapohapo.

Kwa reli za droo, zile za makabati ya jikoni hazifai. Ukijaza vyombo zitapinda wiki ya kwanza. Reli nzito za beringi zinapatikana lakini bei yake inauma, na vumbi letu huzijaza. Fundi wangu alinionyesha njia ambayo sijapata sababu ya kuiacha: chukua plastiki nyeupe ngumu, ile inayotengenezewa vibao vya kukatia nyama, ikate vipande vya upana wa sentimita 4, vikaze kwa skrubu zilizozamishwa, na droo itelezee juu yake. Haishiki kutu wala haihitaji grisi, na vumbi unalifuta kwa kitambaa.

Droo ifungwe kwa komeo pande zote mbili, na iwe na kizuizi kinachoizuia isitoke yote. Droo ya kilo 40 ikitoka ghafla ukiwa umeegesha mlimani inaweza kuvunja mguu wa mtoto. Weka pia komeo la pili la akiba. Matuta ya barabarani, na sote tunajua yalivyo mengi mjini na kwenye vituo vya soko, hulegeza komeo moja polepole bila wewe kusikia.

Gawa ndani ya droo kwa vibao vya kuhamishika. Sufuria zikipata nafasi ya kucheza, utazisikia kutoka Nakuru hadi Kapsabet.

Hatua ya 6: Masanduku chini ya bodi

Kama pikapu yako ina bodi bapa ya mbao au ya chuma badala ya bodi ya kiwandani, una bahati: kati ya kebini na gurudumu la nyuma pana nafasi nzuri ya sanduku kila upande. Kwa bodi ya kiwandani nafasi ni finyu zaidi, na mara nyingi tangi la mafuta limeshachukua upande mmoja.

Lala chini ya gari kabla ya kuamua lolote. Fuata kwa kidole paipu za breki, paipu za mafuta, nyaya na bomba la moshi. Sanduku lisiguse hata kimoja, na lisikae karibu na bomba la moshi, ambalo joto lake linaweza kuwasha mbao na nguo. Kisha tazama gurudumu: likipanda juu kabisa kwenye shimo kubwa litafika wapi? Acha nafasi hiyo na vidole vinne zaidi.

Usitoboe wala kuchomelea chesisi. Tumia matundu yaliyotoka kiwandani, au vibano vya bolti za umbo la U vyenye mpira katikati. Ukitoboa kingo za juu au za chini za chesisi umeweka mwanzo wa ufa, na mitikisiko ya barabara itaumalizia. Popote pengine panapochomelewa, hata kwenye fremu ya bodi, ondoa kwanza waya wa hasi wa betri. Kompyuta ya injini ikiungua kwa sababu ya kuchomelea, gharama yake itapita ya masanduku yote.

Alumini mkononi mwa fundi wa jua kali, yaani wa karakana ndogo za mitaani, ina siri yake. Mafundi wengi wetu ni mabingwa wa kuchomelea chuma, lakini alumini inahitaji mashine na mkono tofauti, na mshono wake ukiwa mbaya hupasuka kwenye barabara ya vumbi yenye mikunjo kama bati. Mimi sikuchomelea kabisa. Tulikunja pleti, tukaweka alumini ya pembe kwenye kona, tukaunganisha kwa riveti kila baada ya sentimita 5, na katikati tukapaka ile gundi nyeusi inayobandikia vioo vya mbele vya magari. Gundi hiyo hunyumbuka kidogo, ndiyo sababu haipasuki, na wakati huohuo inazuia maji. Fundi yeyote wa vioo vya magari anaiuza.

Mahali ambapo alumini inakutana na chuma weka kipande cha mpira wa tyubu. Vikigusana penye maji, alumini huliwa haraka. Na kama unapenda kwenda Bogoria au Elmenteita, jua kwamba vumbi la magadi la maziwa hayo huila alumini pia. Osha chini ya gari kwa maji safi ukirudi, siku hiyohiyo.

Nyuma na juu ya paa

Sanduku la nyuma liwe na vitu vyepesi na vichafu: viatu vya matope, viti vya kukunja, turubai lililolowa. Nimejiwekea kilo 25 pamoja na sanduku lenyewe, na sizidishi. Lisizibe taa, vioo vya kuakisi mwanga wala namba ya gari, maana hapo utasimamishwa na polisi, na kwa haki. Likizuia, hamisha taa na namba ziende nyuma ya sanduku, na ubandike utepe wa kuakisi mwanga kwenye kingo. Kama umebadili bodi yenyewe ya gari, NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya, ina utaratibu wa kurekebisha maelezo ya gari, na kampuni yako ya bima iambiwe pia.

Paa ni la paneli ya jua, magodoro ya sponji na labda mkeka. Mitungi ya maji juu ya paa ni hatari; gari litayumba kila kona, na skrubu za kempa zitalegea. Pima pia urefu wote kutoka chini hadi juu, uandike kwenye kipande cha karatasi mbele ya dereva, kwa ajili ya paa za vituo vya mafuta na matawi ya miti.

Ndani ya kempa

Kwa ndani mbao ni anasa. Vikapu vya mkonge vilivyotundikwa kwa ndoano nne hubeba nguo, mboga na vitabu, na kikapu kizima hakifiki kilo moja. Nyavu zilizokazwa kwenye dari juu ya miguu hubeba mablanketi. Nyuma ya mlango tulishona mifuko ya turubai yenye matundu ya vyuma. Fundi wa kushona maturubai ya malori alituwekea vishimo vya vijiko, tochi, dawa ya mbu na leso kwa kazi ya nusu siku. Usisahau dawa ya mbu upande wa ziwa.

Kwa kufunga vitu, mipira ya tyubu kama ya bodaboda inashika vizuri kuliko kamba. Jua huipasua, kwa hiyo ibadilishe kila mwaka.

Gesi, mafuta na makaa

Hapa naomba usome polepole. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja huteremka na kutulia sakafuni, pale mnapolala. Mtungi wa kilo 6 ukae kwenye kabati lake lenye mlango wa nje, lililozibwa kabisa upande wa ndani, na lenye tundu sakafuni linalotoa gesi nje ya gari, mbali na bomba la moshi. Usimame wima na ufungwe kwa mkanda.

Petroli isikae ndani ya chumba cha kulala hata usiku mmoja. Jiko la makaa lisiingie ndani hata kukiwa na baridi ya Timboroa. Moshi wake usioonekana huua watu wakiwa usingizini. Majivu yapoe kabisa na kumwagiwa maji kabla hayajaingia sandukuni.

Vumbi na maji

Gari likitembea huvuta hewa nyuma yake, na hewa hiyo hurudi na vumbi kupitia kila mwanya wa mlango wa nyuma. Ziba mianya ya bodi kwa mpira wa mlango wa gari. Wauzaji wa vipuri vya magari yaliyovunjwa watakukatia kwa mita. Milango ya masanduku iwe na komeo la kukaza, linaloubana mpira, kwa sababu kufuli peke yake huacha mlango ukipumua. Halafu fungua tundu dogo la hewa juu, upande wa mbele wa kempa, ukiwa barabarani. Hewa safi ikiingia kwa mbele, vumbi la nyuma hukosa pa kupenyea.

Sanduku lililozibwa sana lina shida moja ndogo. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya bahari, Kisumu takriban 1,130. Mkebe uliofungwa Nakuru utabanwa na hewa ukifika ziwani, na mfuniko utakataa kufunguka. Fungua kidogo na ufunge tena njiani.

Kabla ya kufunga sanduku lolote garini, limwagie maji ya mpira kwa dakika tano likiwa na gazeti kavu ndani. Gazeti litakuonyesha penye mwanya.

Majaribio

Pakia kila kitu kama mnavyosafiri. Rudi kwenye ile mizani, pima tena mara tatu. Kama ekseli ya nyuma imezidi, usitafute kisingizio. Punguza maji kwanza, kwa maana maji yanapatikana kila mji kutoka Nakuru hadi Busia. Weka upepo wa matairi kulingana na mzigo, na urekebishe taa za mbele, maana mkia ukishuka taa huwamulika wanaokuja machoni.

Endesha kilomita 20 za barabara ya vumbi karibu na nyumbani, kwa mwendo wa kawaida. Simama, kaza kila bolti, na chora mstari wa rangi ukipita kwenye nati na chuma chake. Safari nyingine ukikuta mstari umekatika, nati hiyo imezunguka. Baada ya kilomita 500 rudia tena, na uchungulie chini ya bodi kutafuta nyufa kwenye vishikio.

Mwisho, ndani ya kila mfuniko bandika karatasi yenye orodha ya vilivyomo na kilo zake, iliyofunikwa kwa plastiki. Binti yangu wa miaka tisa ndiye mwenye kazi hiyo kwetu. Kila kitu kipya kikitaka kuingia, yeye huuliza kitatoka nini.